Biopsi ya mfupa kwa sindano

Biopsi ya mfupa kwa sindano ni njia ya kitabibu ya kutoa kipande kidogo cha tishu ndani ya mfupa wenye kasoro, kwa kutumia sindano inayopitishwa kwenye ngozi, ili kipande hicho kichunguzwe kwa hadubini na ugonjwa utambuliwe. Neno biopsi limeundwa kutokana na maneno ya Kigiriki bios (uhai) na opsis (kuona). Lilianza kutumiwa na daktari Mfaransa Ernest Besnier mwaka 1879.

Njia hii hutumika hasa pale eksirei inapoonyesha kwamba mfupa umelika, umevimba au umeota tishu ngeni, na daktari hawezi kuamua kwa picha peke yake kama ni saratani, uvimbe usio wa saratani, kifua kikuu au ambukizo la bakteria wengine.

Jina "sindano" linaweza kumfanya msomaji adhani kwamba ni jambo dogo kama kuchanjwa. Tundu lenyewe ni dogo kweli, kwa kawaida halizidi milimita chache. Lakini mahali linapotobolewa panaweza kuamua kama mgonjwa atabaki na mguu wake au ataukosa. Kwa hiyo wapasuaji wa uvimbe wa mifupa huihesabu biopsi kuwa hatua ya kwanza ya upasuaji wenyewe, wala si kipimo cha kutangulia tu.

Kwa nini picha hazitoshi

Mfupa una njia chache za kuitikia ugonjwa: hulika, hujenga mfupa mpya, au hufanya yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana magonjwa yasiyo na uhusiano wowote huweza kufanana sana katika eksirei.

Mfano unaojulikana ni wa kijana mwenye umri wa miaka 10 hadi 20 anayelalamika maumivu karibu na goti, hasa usiku. Eksirei inaonyesha ncha ya chini ya fupapaja imelika, na utando unaofunika mfupa (periosti) umeinuliwa. Hiyo inaweza kuwa osteosarkoma, ambayo hupenda sana eneo hilo na umri huo. Inaweza kuwa sarkoma ya Ewing. Inaweza pia kuwa osteomielitisi, yaani ambukizo la mfupa. Homa haisaidii sana kutofautisha, kwa kuwa sarkoma ya Ewing nayo huleta homa na hupandisha vipimo vya damu kama ambukizo linavyofanya, na tishu yake inaweza kuwa laini na nyeupe kiasi cha kudhaniwa usaha. Matibabu yake hayafanani hata kidogo: ambukizo hutibiwa kwa antibiotiki na kusafisha mfupa, sarkoma kwa kemotherapia na kuondoa uvimbe wote. Anayekosea hapa hupoteza miezi, na mgonjwa wa sarkoma hana miezi ya kupoteza.

Kwa mtu aliyepita miaka 40 orodha hubadilika. Kasoro ya mfupa katika umri huo mara nyingi ni saratani iliyosambaa kutoka kiungo kingine kama titi, tezi dume, pafu, figo au tezi ya shingo, ama ni mieloma, saratani ya seli za uboho. Katika uti wa mgongo swali kubwa huwa ni kifua kikuu au saratani. Kifua kikuu kwa kawaida hula pingili mbili zinazopakana pamoja na kisahani kilicho kati yake, ilhali saratani iliyosambaa kwa kawaida hukiacha kisahani kizima. Kanuni hiyo husaidia, lakini ina visa vingi vinavyoivunja.

Kosa moja linastahili kutajwa kwa jina lake. Mgonjwa aliyewahi kutibiwa saratani ya titi anavunjika paja, eksirei inaonyesha doa moja tu, na daktari anakata shauri kwamba saratani imesambaa bila kuthibitisha. Anaingiza chuma ndani ya uboho ili kuunga mfupa. Ikiwa doa lile lilikuwa sarkoma iliyoanzia mfupani, chuma kimezisukuma seli zake kutoka ncha moja ya mfupa hadi nyingine.

Pia ziko kasoro ambazo hazipaswi kuguswa. Kasoro ya nyuzinyuzi isiyojenga mfupa, inayoonekana kwa bahati kwenye eksirei za watoto wengi wenye afya, hutambulika kwa picha na huisha yenyewe mtoto anapokua. Mfupa unaojijenga ndani ya musuli baada ya kuumia ni hatari zaidi kuuchokonoa, kwa sababu ukiwa bado mchanga unaweza kufanana na osteosarkoma hata chini ya hadubini. Kusubiri wiki chache na kurudia picha ndiko kunakoleta jibu.

Historia

Katika miaka ya 1920 Mikhail Arinkin wa Leningrad alionyesha kwamba uboho unaweza kuvutwa kwa sindano kutoka mfupa wa kidari. Mwaka 1930 Hayes Martin na Edward Ellis wa New York walichapisha taarifa yao juu ya kutambua uvimbe kwa kuvuta seli kwa sindano, na mwaka uliofuata Bradley Coley na wenzake wa mji huohuo wakaeleza matumizi yake kwa uvimbe wa mifupa. Mwaka 1935 Robertson na Ball waliandika kuhusu kuitumia kwenye pingili za uti wa mgongo.

Sindano za wakati huo zilivuta seli zilizotawanyika tu, na wanapatholojia wengi hawakuridhika nazo. Mabadiliko yalikuja na sindano zenye meno au makali yanayokata kipande kizima. Frederick Craig alieleza vifaa vyake kwa ajili ya pingili mwaka 1956. Mwaka 1971 Khosrow Jamshidi, daktari mzaliwa wa Iran aliyefanya kazi Minnesota, Marekani, alileta sindano ambayo ncha yake imebanwa kidogo, hivyo kipande kinachoingia hakisagwi wala hakichomoki kwa urahisi. Ilibuniwa kwa ajili ya uboho wa nyonga, lakini umbo lake limeenea duniani kote na hutumika pia kwa uvimbe wa mifupa.

Mwaka huohuo wa 1971 Godfrey Hounsfield alipiga picha ya kwanza ya mgonjwa kwa mashine ya CT huko Uingereza. Mashine hiyo ilipoenea, daktari aliweza kuona ncha ya sindano ilipo ndani ya nyonga au uti wa mgongo, mahali ambapo awali alikuwa akikisia.

Aina na vifaa

Unene wa sindano hupimwa kwa geji. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Sindano ya geji 22 ina kipenyo cha takriban milimita 0.7, ya geji 14 takriban milimita 2.1, na ya geji 11 takriban milimita 3.

Uvutaji kwa sindano nyembamba hutumia geji 22 hivi. Hutoa seli zilizotawanyika, ambazo hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Ni rahisi, hauna gharama kubwa, na jibu linaweza kupatikana siku hiyohiyo. Hufaa kuthibitisha saratani iliyosambaa, kuvuta usaha, au kutambua limfoma ya Burkitt, ile ya taya za watoto ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, Uganda. Udhaifu wake ni kwamba hauonyeshi jinsi seli zilivyopangwa. Osteosarkoma hutambulika kwa seli za saratani zinazotengeneza mfupa, na katika seli zilizotawanyika si rahisi kuuona mfupa huo. Tena, sindano nyembamba haiwezi kupenya gamba la mfupa ambalo bado ni zima.

Biopsi ya kipande hutumia sindano nene, kwa kawaida geji 8 hadi 14. Ni bomba lenye chuma kilichochongoka ndani yake. Vyote viwili huingizwa pamoja hadi mfupani, chuma huchomolewa, kisha bomba huzungushwa na kusukumwa ili likate kipande chembamba kama kipande cha wino wa kalamu. Pale gamba la mfupa lilipo gumu hutumika nyundo ndogo au drili. Ikiwa uvimbe umekwisha kulivunja gamba na kutokea nje, sindano ya kukata nyama laini inatosha, na mara nyingi sehemu hiyo laini ndiyo inayotoa kipande kizuri zaidi. Hospitali nyingi hutumia bomba la nje linalobaki mahali pake huku sindano ya ndani ikiingia na kutoka, ili vipande kadhaa vipatikane kwa tundu moja tu.

Biopsi ya kupasua bado ipo. Hutoa tishu nyingi, lakini huacha kovu refu, hutoa damu zaidi na huchafua tabaka nyingi za mwili. Siku hizi hutumika zaidi pale sindano iliposhindwa.

Njia ya sindano

Hapa ndipo penye uzito wa suala lote. Sindano inapotoka ndani ya sarkoma inaweza kuacha seli za saratani katika kila tabaka ilimopita: musuli, mafuta na ngozi. Kwa hiyo mpasuaji anayekuja kuondoa uvimbe hupanga kuiondoa njia hiyo pia, tangu tundu la ngozi hadi mfupani, ikiwa imeshikamana na uvimbe kama mkia. Madaktari wengine wanauliza kama ni lazima kuiondoa njia ya sindano nyembamba, kwa sababu visa vya saratani kuota humo ni vichache. Lakini hakuna anayebisha kwamba njia ipangwe kana kwamba itaondolewa.

Kutokana na hilo zinatoka kanuni kadhaa. Tundu liwe juu ya mstari ambao mpasuaji atapasua baadaye. Kwenye mkono au mguu mstari huo hufuata urefu wa kiungo, kamwe haukatizi. Sindano ipite ndani ya chumba kimoja tu cha musuli, isipite kati ya musuli mmoja na mwingine, kwa kuwa damu yenye seli za saratani husambaa kwenye nafasi hizo. Isikaribie mishipa mikubwa ya damu wala neva, maana vikichafuliwa huenda vikalazimika kuondolewa. Isiingie ndani ya kiungo: seli zikiingia kwenye ute wa goti, goti lote huhesabiwa kuwa limechafuliwa.

Katika mwili kanuni hizo huwa na sura zake. Kwenye ncha ya chini ya fupapaja, njia fupi kuliko zote ni kupitia mbele, juu ya kilegesambwa. Ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa sababu hupita kwenye musuli unaonyoosha goti na mfuko wa ute wa kiungo ulio chini yake. Sindano huingizwa upande wa ndani au wa nje wa paja. Kwenye ncha ya juu ya muundi hupitishwa upande wa mbele kwa ndani, ambako mfupa uko karibu chini ya ngozi tupu. Begani hupitishwa kwenye sehemu ya mbele ya musuli wa deltoidi, wala si kwenye mfereji ulio kati yake na musuli wa kifua, ingawa mfereji huo ndio njia iliyozoeleka kwa upasuaji mwingine wa bega. Sababu ni kwamba neva ya deltoidi huingia kutoka nyuma. Sehemu ya mbele ikiondolewa, inayobaki bado hupata neva yake. Kwenye nyonga huepukwa musuli ya matako, inayohitajika kufunika kidonda baada ya upasuaji mkubwa. Kwenye uti wa mgongo sindano hupitishwa mara nyingi ndani ya kishikizo cha pingili, ambacho ni kama bomba la mfupa linaloikinga neva na mfereji wa ugwe mgongo.

Kila moja ya njia hizi humtaka anayechoma sindano ajue jinsi upasuaji utakavyofanyika. Ndiyo maana hushauriwa kwamba asianze kabla ya kuzungumza na mpasuaji atakayeondoa uvimbe, hata kama ni kwa simu.

Uzito wa jambo hili ulionyeshwa na utafiti wa Henry Mankin na wenzake wa Marekani uliochapishwa mwaka 1982. Walipitia wagonjwa 329 wa sarkoma za mifupa na tishu laini. Makosa makubwa ya utambuzi yalikuwa asilimia 18.2, na wagonjwa 15, yaani asilimia 4.5, walikatwa mguu au mkono ambao usingekatwa kama biopsi ingefanywa vizuri. Miaka 14 baadaye, mwaka 1996, utafiti ulirudiwa kwa wagonjwa 597. Makosa ya utambuzi yalikuwa asilimia 17.8, karibu yaleyale, na waliokatwa kiungo bila ulazima walikuwa 18. Katika tafiti zote mbili madhara yalikuwa mengi zaidi biopsi ilipofanywa katika hospitali iliyomtuma mgonjwa kuliko katika kituo kilichomtibu. Katika ule wa pili tofauti ilikuwa kati ya mara 2 na mara 12. Tafiti hizo hazikuhusu sindano peke yake, zilihusu pia biopsi za kupasua, lakini funzo la njia iliyopangwa vibaya ni lilelile.

Jinsi inavyofanyika

Picha zote hupigwa kwanza, hasa MRI ya mfupa mzima. Biopsi ikitangulia, damu na uvimbe wa jeraha huonekana kwenye MRI na huchanganya mipaka halisi ya ugonjwa. Damu hupimwa ili kuhakikisha inaganda vizuri. Vituo vingi hutaka chembe sahani zisipungue 50,000 kwa kila mikrolita. Dawa za kuzuia damu kuganda husimamishwa kwa maelekezo ya daktari.

Watu wazima wengi hufanyiwa kwa ganzi ya sehemu pamoja na dawa ya kutuliza. Gamba la mfupa lenyewe haliumi sana. Linalouma ni periosti, hivyo ganzi lazima ifike huko. Watoto kwa kawaida hupewa nusukaputi. Daktari huongozwa na CT, eksirei ya moja kwa moja, au ultrasaundi pale uvimbe ulipotokea nje ya mfupa.

Shabaha si katikati ya uvimbe, ingawa ndiko mkono unakovutwa. Katikati ya uvimbe mkubwa mara nyingi pamekufa, na tishu iliyokufa haisemi lolote. Seli hai ziko pembezoni. Hushauriwa kuchukua angalau vipande vitatu. Mwanapatholojia au fundi wa maabara akiwepo chumbani, anaweza kugusisha kipande kwenye kioo na kuthibitisha papo hapo kama kuna tishu ya kutosha.

Mwishoni tundu hukandamizwa ili kuzuia damu, na mahali pake huwekewa alama au kuandikwa kwa kipimo kwenye ripoti, kwa kuwa baada ya wiki kadhaa za kemotherapia kovu la milimita 3 linaweza kutoweka kabisa.

Maabara

Vipande hugawanywa kabla havijaguswa na formalini. Sehemu moja huenda kuoteshwa bakteria na kupimwa kifua kikuu, ikiwa katika chombo safi chenye maji ya chumvi kidogo. Formalini huua vijidudu, na kipande kilichozamishwa humo hakioti chochote. Kosa hili ni la kawaida mno, na halina marekebisho ila kumchoma mgonjwa tena. Kuna desturi nzuri miongoni mwa wapasuaji wa mifupa: kinachodhaniwa saratani kioteshwe vijidudu, na kinachodhaniwa ambukizo kitazamwe na mwanapatholojia. Kipimo cha GeneXpert, ambacho hutafuta chembe za urithi za vijidudu vya kifua kikuu, kinaweza kutumika kwa tishu ya mfupa na hutoa jibu kwa saa chache, wakati uoteshaji huchukua wiki kadhaa.

Sehemu ya pili hutiwa kwenye formalini. Kipande chenye mfupa mgumu hakikatiki kwa kisu cha maabara mpaka chokaa yake iondolewe. Asidi huiondoa haraka lakini huharibu chembe za urithi. EDTA hufanya polepole na huzihifadhi. Vipande laini visivyo na mfupa hutengwa ili visipitishwe humo kabisa.

Mwanapatholojia hapaswi kupewa kipande bila picha. Kovu la mfupa uliovunjika wiki mbili zilizopita, likitazamwa peke yake, linaweza kumtisha yeyote. Umri, mfupa gani, sehemu gani ya mfupa na sura ya eksirei ni sehemu ya jibu.

Usahihi na madhara

Taarifa nyingi zilizochapishwa hutaja usahihi wa biopsi ya kipande kuwa kati ya asilimia 70 na zaidi ya 95. Hufanya vizuri zaidi kwa saratani iliyosambaa, na vibaya zaidi kwa kasoro zilizojaa damu au maji, zenye mfupa mgumu sana, na kwa uvimbe wa gegedu, ambao kipande kimoja huweza kuonyesha utulivu huku sehemu nyingine ikiwa kondrosarkoma.

Jibu la "hakuna saratani" si lazima liwe na maana hiyo. Likiwa halipatani na picha na hali ya mgonjwa, huhesabiwa kwamba jibu halijapatikana, na biopsi hurudiwa.

Madhara ni machache: damu kuvilia, maambukizi, kuumiza neva, mfupa kuvunjika ulipotobolewa, na pafu kutobolewa inapochomwa sindano karibu na mbavu au pingili za kifua. Saratani zilizosambaa kutoka figo na tezi ya shingo hutoa damu nyingi kuliko nyingine.

Katika Afrika Mashariki

Wanapatholojia ni wachache katika kanda hii na wengi wako miji mikubwa, hivyo kipande kinaweza kusafiri mbali kuliko mgonjwa mwenyewe. Wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa, baadhi yao wakiwa wamepitia kwa waunga mifupa wa jadi na kukandwa uvimbe. Kifua kikuu cha uti wa mgongo ni cha kawaida kiasi kwamba madaktari wa wilaya mara nyingi huanza dawa zake bila biopsi. Pale mgonjwa asipopata nafuu baada ya miezi michache, au dalili za ugwe mgongo zinapozidi, sindano huwa haina budi.

Kwa hospitali isiyo na mpasuaji wa uvimbe wa mifupa, ushauri unaofuata kutoka tafiti za Mankin ni kutomchoma kabisa mgonjwa anayedhaniwa kuwa na sarkoma, bali kumtuma akiwa na eksirei zake zote, hata zile za zamani, majibu ya damu, na maelezo ya lini uvimbe ulianza. Mfupa dhaifu hufungwa bendeji ngumu au mgonjwa hupewa magongo kabla ya safari, ili usivunjike njiani na kumwaga seli za uvimbe kwenye nyama inayouzunguka.